Mayai Yaliyokwama: Ushauri kwa Mwenye PCOS Anayetafuta Mtoto

Dada anapotoka chumba cha ultrasaundi na karatasi iliyoandikwa kwamba ovari zake zina vifuko vingi, mara nyingi hakuna anayeketi naye kumweleza maana yake. Akifika nyumbani ameshajihukumu kuwa ni tasa. Wiki haijaisha, ameshapewa namba za waganga, chupa za dawa ya kusafisha kizazi na jina la kliniki ya upandikizaji iliyoko mji mwingine. Makala haya yanamhusu yeye, na mume wake pia. Lililo kubwa nalisema mapema: kati ya sababu zote zinazochelewesha mimba, PCOS, hali hiyo inayohusishwa na ovari zenye vifuko vingi, ni miongoni mwa zile zinazotibika vizuri zaidi, na wengi wenye hali hii hupata watoto, baadhi yao bila dawa yoyote. Wanaokwama zaidi ni walioruka hatua: ama wamekimbilia tiba ya gharama kubwa kabla ya wakati, ama wamezunguka na mitishamba miaka mingi huku umri ukienda, na katika hali zote mbili wameamini hesabu za mafanikio bila kuuliza zilihesabiwa kwa nani.

Kila mwezi ovari huanza kukuza vifuko vidogo kadhaa, kila kimoja kikiwa na yai changa ndani yake. Kwa kawaida kimoja hutangulia wenzake, hukua hadi kufikia karibu milimita 20, kisha hupasuka na kuliachia yai. Kwa mwenye PCOS safari hiyo hukatika njiani. Mara nyingi mwili wake hauitikii insulini vizuri, kwa hiyo huitengeneza kwa wingi zaidi. Insulini hiyo ikizidi, huzichochea ovari zitoe homoni za kiume kupita kiasi. Ishara zinazotoka kwenye ubongo nazo huvurugika, na vifuko hubanana kama miche iliyosahauliwa kitaluni, hakuna kimoja kinachopata nafasi ya kukua. Ndivyo vinavyoonekana kwenye picha. Havihitaji kukatwa wala kuyeyushwa, kwa sababu si uvimbe: ni mayai yako mwenyewe, yamekwama.

Irving Stein na Michael Leventhal, madaktari wa Chicago walioieleza hali hii mwaka 1935 kutokana na wanawake 7 waliowatibu, walitumia njia ya kukata kipande cha ovari. Hedhi ilirudi na wengine wakashika mimba, lakini upasuaji wa namna hiyo huacha makovu yanayoweza kuathiri mirija, na dawa zilipopatikana ukaachwa. Siku hizi kuna upasuaji mdogo wa kutoboa ovari kwa joto kupitia kamera, na una nafasi yake kwa wachache ambao vidonge vimewashindwa. Ukiambiwa siku ya kwanza kabisa kwamba utapasuliwa ili kuondoa vifuko, usisaini. Nenda kamwone daktari mwingine wa magonjwa ya wanawake kwanza.

Hakikisha pia kwamba kweli ni PCOS. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2023 unataka kwa mtu mzima mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, homoni za kiume kuzidi, zikionekana kwa macho kama ndevu na chunusi sugu au zikipatikana kwenye damu, na ovari zenye vifuko vingi kwenye ultrasaundi, au kipimo cha damu cha AMH kilicho juu. Tezi ya shingoni na homoni ya prolaktini nazo zipimwe, maana zikivurugika huweza kuzuia hedhi vilevile. Mwanamke anayeingia mwezini kwa mpangilio na hana dalili nyingine yoyote, ila picha tu ndiyo imeonyesha vifuko, hajatimiza vigezo hivyo. Msichana ambaye hajamaliza miaka 8 tangu avunje ungo hapaswi kubandikwa jina hilo kwa sababu ya picha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hali hii inawapata wanawake 10 hadi 13 kati ya kila 100 wa umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 yao hawajagunduliwa. Wapo basi wengi wanaoteseka bila kujua, na wapo wengine waliopewa jina la ugonjwa wasio nao. AMH ikiwa juu, usiichukue kama cheti cha uzazi. Inaonyesha vifuko ni vingi. Haionyeshi kwamba kuna yai linalotoka, wala haizuii ubora wa mayai kupungua kadiri miaka inavyosogea.

Hapo ndipo wengi hukosea njia. Jina PCOS likishatajwa, kila mtu huacha kutafuta sababu nyingine. Mwanamke anapewa vidonge vya kupevusha mayai miezi sita, mwaka, miaka miwili, na hakuna aliyekagua kama mirija iko wazi au kama mbegu za mume zinatosha. Kwetu Afrika Mashariki, ambako maambukizi ya zamani ya njia ya uzazi, mengi yakiwa hayakutibiwa vizuri, yameacha mirija ya wanawake wengi imeziba, hilo ni kosa kubwa. Yai linaweza kupevuka vizuri kila mwezi na likakuta mlango umefungwa. Kipimo cha mirija, kile cha kuweka dawa na kupiga picha ya eksirei kiitwacho HSG, kinauma kidogo na kinagharimu, lakini kinaweza kukuokolea miaka. Ikiwa uliwahi kuumwa sana chini ya kitovu, ulitibiwa magonjwa ya zinaa, uliwahi kupasuliwa tumbo au mimba iliwahi kutunga nje ya kizazi, kidai kabla ya kidonge cha kwanza.

Na mume apimwe. Nalisema bila kuzunguka kwa sababu najua linavyoepukwa. Shemeji zangu, kipimo cha mbegu hakina sindano wala kisu, na jibu lake hupatikana upesi. Katika sehemu kubwa ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanamume nao unachangia. Kumwacha mke anywe dawa za homoni mwaka mzima huku wewe hujapeleka kikopo maabara ni kumtwika mzigo usio wake. Kuzaa na mwanamke mwingine miaka ya nyuma hakuthibitishi chochote kuhusu mbegu za leo.

Mirija ikiwa wazi na mbegu zikiwa nzuri, dawa ya kwanza ni kidonge cha letrozoli. Ukisoma karatasi iliyo ndani ya boksi utakuta imeandikwa kuwa ni dawa ya saratani ya matiti, na wapo waliorudi kwa mfamasia wakitetemeka. Usiogope. Dawa ilisajiliwa kwa kazi hiyo kwa sababu inapunguza estrojeni. Ukiitumia siku 5 tu mwanzoni mwa mzunguko, ubongo unaona estrojeni imeshuka, unaongeza homoni ya kukuza yai, na mara nyingi kifuko kimoja kinatangulia. Mwongozo wa kimataifa unaiweka mbele ya klomifeni, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Clomid.

Ushahidi wake mkubwa ulitoka Marekani mwaka 2014. Richard Legro na wenzake waliwagawa wanawake 750 wenye PCOS kwa bahati nasibu, wengine letrozoli, wengine klomifeni, kwa mizunguko isiyozidi 5. Waliojifungua mtoto hai ni asilimia 27.5 upande wa letrozoli na asilimia 19.1 upande wa klomifeni. Hebu zitazame hesabu hizo polepole. Hiyo 27.5 ni jumla ya hadi mizunguko 5, si ya mwezi mmoja, kwa hiyo mwezi wa kwanza ukipita bila mimba dawa haijakushinda. Tena, wanawake wale walikuwa na mrija angalau mmoja ulio wazi, na waume zao walikuwa na mbegu zisizopungua milioni 14 kwa mililita. Hakuna aliyezidi miaka 40. Wengi walikuwa na uzito mkubwa, hali inayopunguza mafanikio. Kama wewe una miaka 27, uzito wako ni wa wastani na vipimo vyote ni safi, una haki ya kutarajia zaidi ya wastani huo. Kama mirija imeziba, namba hiyo haikuhusu hata kidogo, hata ukiimeza dawa ileile kwa miaka mitano.

Ndiyo maana kununua vidonge hivi mwenyewe duka la dawa la mtaani ni hatari kuliko inavyoonekana. Tatizo si sumu ya dawa. Ni kwamba hujui kama ulikuwa na mimba tayari, hujui kama dozi imefanya kazi, na hujui kama vifuko vinne vimekua kwa pamoja. Daktari huanza na dozi ndogo, kwa kawaida miligramu 2.5, na huipandisha kama yai halikupevuka. Kama huoni siku zako kabisa, kwanza atahakikisha huna mimba, kisha anaweza kukupa vidonge vya projesteroni vya kuleta damu ili kuanza hesabu. Angalau katika mzunguko wa kwanza mwombe ultrasaundi ya kufuatilia ukuaji wa kifuko.

Kuna mtego mwingine katika kufuatilia. Vile vijiti vya mkojo vya kutambua siku ya yai hupima homoni ya LH, na kwa wengi wenye PCOS homoni hiyo iko juu siku nyingi. Kijiti kinaweza kukuonyesha mistari miwili siku nne mfululizo na yai halijatoka. Kipimo cha damu cha projesteroni ni bora, ila mara nyingi huandikwa "siku ya 21" kana kwamba wanawake wote wana mzunguko wa siku 28. Kama wako ni wa siku 35, damu itolewe karibu siku ya 28, yaani wiki moja kabla ya hedhi inayotarajiwa. Wapo walioambiwa dawa imeshindwa kumbe walipimwa mapema. Kuhusu tendo la ndoa, kukutana kila siku mbili au tatu katika siku za rutuba kunatosha. Kupangiana saa kunawachosha watu na kuifanya ndoa kuwa kazi ya zamu.

Metformini, dawa ya kisukari, hupewa wengi wenye PCOS, na ina faida yake kwenye insulini na mpangilio wa hedhi. Lakini ikisimama peke yake kama dawa ya kuleta mtoto ni dhaifu. Utafiti wa Legro wa mwaka 2007, uliohusisha wanawake 626, ulipata watoto hai kwa asilimia 7.2 ya waliotumia metformini pekee, dhidi ya asilimia 22.5 ya waliotumia klomifeni. Ukikaa mwaka mzima na metformini tu, huku unatafuta mtoto na miaka inasogea, ni wakati wa kumuuliza daktari mpango wake ni upi.

Juu ya uzito nataka kuwa mwangalifu, maana hapa wanawake wengi wameumizwa kwa maneno. Ni kweli kwamba kwa mwenye uzito mkubwa, kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito huweza kurudisha mpangilio wa hedhi. Kwa mwenye kilo 90 hizo ni kilo 4 na nusu hadi 9, lengo linalofikika: kupunguza soda na chai yenye sukari nyingi, kubadilisha chipsi za jioni kwa maharage, mboga na samaki, kupunguza tonge la ugali bila kuliacha, na kutembea kwa haraka nusu saa siku nyingi za wiki. Hakuna mlo wa ajabu uliothibitika kushinda mingine. Hata hivyo, kauli ya "nenda kapungue kwanza ndipo urudi" inahitaji kupimwa kwa umri. Nchini Uholanzi watafiti waliwafuatilia wanawake 577 wenye unene na ugumu wa kushika mimba, si wote wakiwa na PCOS. Kundi moja lilipewa miezi 6 ya kupunguza uzito kabla ya matibabu, jingine likatibiwa moja kwa moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Waliojifungua kwa njia ya kawaida mtoto mmoja mwenye afya, mimba ikiwa imetimia, walikuwa asilimia 27.1 katika kundi lililochelewa, na asilimia 35.2 katika kundi lililotibiwa mara moja. Mwanamke wa miaka 24 anaweza kujipa miezi sita ya kupungua. Wa miaka 37 asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mizani, bali apungue huku anatibiwa. Na wembamba wenye PCOS wapo wengi; wao wasijinyime chakula kwa ushauri usiowahusu.

Sindano mpya za kupunguza uzito zinazosifiwa mijini ni suala jingine. Zinaweza kurudisha upevukaji wa mayai kabla hujategemea, na hazipaswi kutumika ukiwa mjamzito. Ile ya semaglutaidi husimamishwa angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mimba. Kwa hiyo utumie uzazi wa mpango muda wote unapochoma sindano hizo.

Sasa dawa za kusafisha kizazi. Kizazi hakihitaji kusafishwa. Hedhi inafanya kazi hiyo. Vifurushi vya unga, lulu za kuweka ukeni na mvuke wa kukalia haviwezi kugusa homoni zinazokwamisha yai, na vinavyowekwa ukeni vinaweza kuunguza na kuleta maambukizi, mwanzo wa matatizo mapya kwa mtu ambaye alikuwa na mirija safi. Sikatai chai ya mdalasini wala kitunguu saumu jikoni. Nakataa mwanamke wa miaka 31 kuuziwa chupa hadi anafika 36. Hesabu ya fedha alizotumia kwenye chupa ingelipia vipimo vya homoni, mirija na mbegu, pamoja na vidonge.

Kitu kimoja usikivumilie hata kama hutafuti mtoto: kupitisha siku 90 au zaidi bila damu, mara kwa mara, bila dawa yoyote. Ukuta wa kizazi unaojengeka bila kumwagwa kwa miaka huongeza hatari ya saratani ya kizazi. Kuleta damu kwa projesteroni, au kutumia njia ya homoni inayoulinda ukuta huo, ni tiba halali.

Huhitaji pia kungoja mwaka mzima wa kujaribu ndipo umwone daktari, kama wanavyoambiwa wenye hedhi ya kawaida. Mwenye kuona siku zake mara nne kwa mwaka ana nafasi nne, na huenda baadhi hazina yai. Anza sasa. Anza pia vidonge vya foliki, mikrogramu 400 kila siku, kabla ya mimba, na upimwe sukari na shinikizo la damu.

Kama yai limepevuka kwa letrozoli mizunguko kama sita na mimba haijaingia, au dozi ya juu imeshindwa kulipevusha, panda hatua. Inayofuata ni sindano za homoni za kukuza mayai kwa ultrasaundi ya karibu, au ule upasuaji wa kutoboa ovari. Ukiwa kwenye sindano, daktari akikuambia mzunguko unasimamishwa kwa sababu vifuko vitatu au vinne vimekua, najua utalia. Msikilize. Anakukinga na mimba ya watoto watatu au wanne, ambayo mara nyingi huishia kwenye wodi ya watoto njiti.

Mapacha kwetu ni furaha, na wengi huwaomba waziwazi wanapofika kliniki. Lakini mimba ya mapacha huongeza uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati, kifafa cha mimba na kutokwa damu, na mwenye PCOS tayari ana hatari ya ziada ya baadhi ya mambo hayo. Ukifikia upandikizaji, kabla ya kuomba viinitete viwili au vitatu virudishwe, uliza hospitali utakayojifungulia ina vifaa gani vya kumhudumia mtoto wa kilo moja, na gharama ya siku moja ni kiasi gani.

Upandikizaji, yaani IVF, ni hatua ya mbele, isipokuwa kama mirija imeziba, mbegu ni chache sana au umri umesonga. Hapo inaweza kuwa hatua ya kwanza. Huduma hii ipo Afrika Mashariki kwa miaka mingi sasa. Watoto wa kwanza wa njia hii nchini Kenya walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Mzunguko mmoja huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi za Kenya au mamilioni ya shilingi za Tanzania, na kwa kawaida fedha hutoka mfukoni mwa wanandoa. Kwa hiyo kabla hujauza kiwanja au kukopa kwenye kikoba, jifunze kusoma tangazo la kliniki. Chukua mfano wa hesabu tu: wanawake 100 wanaanza sindano, 90 wanafikia kurudishiwa kiinitete, 45 wanapata kipimo chanya, 32 wanajifungua. Kliniki inaweza kuchapisha asilimia 50, kwa kugawa 45 kwa 90, na haijasema uongo. Wewe unayelipa siku ya kwanza unahitaji ile asilimia 32. Basi uliza hivi: kati ya wanawake wa umri wangu walioanza sindano hapa, wangapi walitoka na mtoto hai?

Habari njema ni kwamba wenye PCOS kwa kawaida hutoa mayai mengi, na nafasi yao ya kupata mtoto kwa IVF haiko nyuma ya wanawake wengine wa umri wao. Wingi huohuo ndio hatari yao. Ovari zikichochewa kupita kiasi huvimba, maji huvuja tumboni, damu huwa nzito, na watu wamelazwa, wachache wamekufa. Ongezeko la uzito la ghafla, tumbo kujaa, kutapika, mkojo kupungua au kupumua kwa shida baada ya sindano ni safari ya hospitali usiku huohuo. Hatari hii inazuilika kwa sehemu kubwa, na kliniki nzuri itakueleza inavyozuia: dozi ndogo, utaratibu wa dawa unaoitwa antagonisti, sindano ya mwisho ya kukomaza mayai isiyo ya hCG, na kugandisha viinitete vyote ili kupandikiza mwezi mwingine mwili ukishatulia. Utafiti wa China ulioongozwa na Chen Zi-Jiang, uliochapishwa mwaka 2016, uliwahusisha wanawake 1,508 wenye PCOS. Waliopandikizwa viinitete vilivyogandishwa walijifungua kwa asilimia 49.3, na waliopandikizwa vibichi kwa asilimia 42.0. Ovari kuvimba kupita kiasi kulishuka kutoka asilimia 7.1 hadi 1.3. Upande wa pili wa mizani, kifafa cha mimba katika hatua zake za mwanzo kilipanda kutoka asilimia 1.4 hadi 4.4, jambo linalomaanisha kwamba kliniki ya wajawazito lazima ijue mimba yako ilipatikanaje. Usiwafiche wakunga kwa aibu. Kliniki isiyokuwa na uwezo wa kugandisha, au isiyotaka kukueleza itafanyaje ovari zikivimba, haifai kwa mwenye PCOS hata bei yake ikiwa nafuu.

Wasomaji Waislamu huuliza kuhusu dini. Fatwa iliyotolewa Misri mwaka 1980 iliruhusu upandikizaji kwa yai la mke na mbegu za mume wake ndani ya ndoa, na ikakataza mbegu au yai la mtu wa tatu. Wanazuoni wengi wa Kisuni wamefuata msimamo huo. Kanisa Katoliki halikubali IVF, lakini halipingi dawa zinazolisaidia yai kupevuka ndani ya mwili. Mwenye PCOS ana mayai yake, kwa hiyo ni nadra sana kulazimika kutafuta ya mwingine kwa sababu ya ugonjwa huu, na wengi watapata mtoto kabla hata ya kufikia swali la IVF.

Huzuni na wasiwasi huwapata wenye PCOS zaidi ya wanawake wengine, na mwongozo wa 2023 unawataka madaktari wawaulize kuhusu hali hiyo. Kama daktari hajakuuliza, sema. Wifi anayekuuliza kwenye kila harusi "bado tu?" hajui anachokifanya, na kumjibu ni kazi ya mume, kwa kuwa ni ndugu yake. Mume akisema mara moja, kwa utulivu, kwamba wote wawili wako kwenye matibabu, maswali mengi hukoma.

Kipimo kikiwa chanya, usingoje tumbo lionekane ndipo uanze kliniki. Anza kabla ya wiki ya 12. Mwenye PCOS yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya mimba kuharibika, kisukari cha mimba, shinikizo la damu na kujifungua kabla ya wakati, kwa hiyo kipimo cha sukari cha kunywa glukosi kifanyike mapema kama hakikufanyika kabla, kisha kirudiwe kati ya wiki ya 24 na 28. Kupima mkojo tu hakutoshi. Muulize daktari kama unahitaji asprini ya dozi ndogo ya kuzuia kifafa cha mimba. Huanzishwa mapema, vizuri zaidi kabla ya wiki ya 16, na si kwa kila mtu. Maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu au kuvimba uso ni dalili za kwenda hospitali bila kungoja tarehe ya kadi.

Na baada ya kujifungua, wengi huamini kwamba kwa kuwa mtoto wa kwanza alikuja kwa dawa, hawahitaji uzazi wa mpango. Yai linaweza kupevuka lenyewe kabla hata ya hedhi ya kwanza kurudi, na mimba ya pili ikakukuta na mtoto wa miezi mitano mgongoni. Katika kliniki ya wiki ya 6 zungumza na muuguzi kuhusu njia inayokufaa ukiwa unanyonyesha. Kama ulikuwa na kisukari cha mimba, pimwa tena sukari kati ya wiki ya 6 na ya 12, kisha kila mwaka mmoja hadi mitatu, hata kama unajisikia mzima kabisa.